Upasuaji wa kiungulia sugu kwa matundu madogo: maswali ninayoulizwa Tanga kuhusu miaka inayofuata

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Makorora, hapa Tanga. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakinisimamisha njiani, kwenye foleni ya benki, hata msibani, kuniuliza habari za kiungulia. Tangu mama yangu alipofanyiwa upasuaji huu, miaka tisa iliyopita, maswali yameongezeka. Mengi ni ya siku mbili tatu za mwanzo: kidonda kitauma, atalazwa siku ngapi, atavaa nini. Hayo nayajibu haraka. Ninayotaka tuyazungumze kwa kirefu ni ya mwaka wa tano, wa kumi, wa kumi na tano, maana siku za hospitali ni chache na miaka ya nyumbani ni mingi.

Nimeandika vile vile ninavyowajibu watu. Daktari aliyekupima anajua mwili wako kuliko ukurasa huu, kwa hiyo yachukue haya uende nayo kwake.

Mimi nina vidonda vya tumbo miaka mingi. Haya yananihusu?

Huenda yanakuhusu, na hili ndilo swali ninalolitilia maanani kuliko yote. Hapa kwetu jina "vidonda vya tumbo" limebebeshwa kila kitu: maumivu ya chembe cha moyo, gesi, kichefuchefu, kiungulia, hata wasiwasi wa maisha. Mama alipewa jina hilo kwenye zahanati moja. Ndani ya miaka sita akanywa mara tatu dozi za kuua bakteria wa tumbo, bila mtu kumpima kama bakteria huyo yupo. Kila akimaliza dozi anapata nafuu ya wiki chache, kwa sababu ndani ya dozi ile mlikuwa na omeprazoli inayopunguza asidi. Dawa ikiisha, moto unarudi. Siku alipoingizwa mpira wenye kamera, yaani endoskopia, tumbo halikuwa na kidonda hata kimoja. Michubuko ilikuwa juu, kwenye umio, bomba la chakula, na sehemu ya tumbo, yaani mfuko wa chakula, ilikuwa imepanda kifuani. Miaka sita imepotea, na mimi binti yake ni muuguzi. Bado inaniuma.

Dalili za asidi kupanda ni moto unaoanzia kwenye chembe na kupanda kifuani kuelekea kooni, na maji makali au chakula kurudi mdomoni, hasa ukiinama kufua au ukilala baada ya kula. Wengine hupata kikohozi cha usiku au sauti kukwaruza asubuhi. Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea au kupanda ngazi, yanayobana na kwenda kwenye mkono au taya, hayo usiyaite kiungulia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe moyo.

Kwa nini asidi inapanda?

Umio, lile bomba la kupitishia chakula, hupita kwenye tundu la kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mwisho wa umio pana msuli wa mviringo unaofunguka chakula kikishuka na kufunga kikishapita. Msuli huu ukilegea, au tundu la kiwambo likipanuka hadi sehemu ya tumbo ikapenya juu, mlango unabaki wazi. Kupenya huko madaktari wanakuita ngiri ya kiwambo. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu Tanga ukitamka "ngiri" watu wanafikiria jambo jingine kabisa, na wanaume wawili walikataa kipimo kwa kuogopa jina. Ngiri hii iko juu, kati ya kifua na tumbo, na haina uhusiano na nguvu za kiume.

Upasuaji wenyewe unafanya nini?

Mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, daktari hutoboa matundu kama matano tumboni, kila moja kati ya nusu sentimita na sentimita moja na kidogo. Hupuliza gesi ili ukuta wa tumbo uinuke, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Hulivuta tumbo lililopanda na kulirudisha chini, hushona tundu la kiwambo lililopanuka, halafu huchukua sehemu ya juu ya tumbo, akaizungusha nyuma ya umio na kuishona mbele, kama mtu anavyojizungushia leso shingoni. Tumbo likijaa, mkunjo ule unaubana umio na asidi inakosa njia.

Kitaalamu huitwa fundoplikesheni. Rudolf Nissen, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, ndiye aliyeanza kuitumia kutibu kiungulia mwaka 1955, wakati huo kwa kupasua tumbo wazi. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne na wenzake wa Liège, Ubelgiji, walitangaza kwamba wameifanya kwa matundu madogo. Kilichobadilika ni njia ya kuingilia. Mkunjo ni ule ule. Kwa hiyo ukiambiwa kitu hiki ni kipya mno na mbele yake hakujulikani, si kweli. Wapo wagonjwa waliofuatiliwa miaka 10, 15 na zaidi.

Nikishafanyiwa, nitaachana na vidonge moja kwa moja?

Wengi huachana navyo kwa miaka. Wengine hurudi. Anayekuahidi "moja kwa moja" anakuahidi kitu asichokimiliki.

Nianze na habari njema. Dallemagne aliwafuatilia wagonjwa wake 100 kwa takriban miaka 10, na asilimia 89.5 walikuwa bado hawana tatizo kubwa la asidi kupanda. Lakini hao walipasuliwa na mtu aliyeianzisha njia hiyo, kwenye kituo chake. Ukitaka kujua yanayotokea kwa madaktari wa kila siku, tazama Sweden, ambako taifa zima lina rejista ya wagonjwa. Utafiti uliotoka mwaka 2017 uliwaangalia watu 2,655 waliofanyiwa upasuaji huu kwa matundu madogo kati ya 2005 na 2014. Walipofuatiliwa kwa wastani wa miaka mitano hivi, asilimia 17.7 tatizo liliwarudia. Katika hao waliorudiwa, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walirudi kwenye vidonge vya muda mrefu, na waliobaki walipasuliwa tena. Tatizo liliwarudia zaidi wanawake, wazee, na watu wenye magonjwa mengine.

Uingereza nako, katika utafiti uliowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitano asilimia 44 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wanatumia dawa za asidi, ikilinganishwa na asilimia 82 ya waliopangiwa dawa. Ile 44 ukiisikia bila maelezo inatisha, lakini humo wamo pia watu waliopangiwa upasuaji na hawakwenda. Ndiyo maana mtu akikutajia asilimia, muulize ni ya wagonjwa gani, waliopasuliwa na nani, na baada ya miaka mingapi.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi watumishi wa afya tunalisahau. Mtu kurudi kwenye vidonge si ushahidi kwamba mkunjo umefunguka. Wengi wanaoanza tena omeprazoli baada ya upasuaji, wakipimwa asidi kwenye umio, inakutwa iko kawaida. Wamesikia gesi, au tumbo limewauma kwa sababu nyingine, au duka la dawa liko jirani na mazoea yana nguvu. Ukisikia moto umerudi, omba upimwe kwanza kabla ya kujihukumu kwamba umepasuliwa bure.

Basi si bora nibaki na vidonge tu?

Kwa watu wengi, ndiyo. Nasema hivi nikiwa binti wa mgonjwa aliyenufaika na upasuaji.

Nchi kadhaa za Ulaya zilishiriki katika utafiti mmoja uliolinganisha esomeprazoli, dawa ya ukoo wa omeprazoli, na upasuaji wa matundu madogo kwa miaka mitano, kwa wagonjwa ambao dawa ilikuwa tayari inawasaidia vizuri. Mwishoni asilimia 92 ya waliotumia dawa na asilimia 85 ya waliopasuliwa walikuwa bado katika hali nzuri. Zote mbili ni namba nzuri. Tofauti ilijitokeza kwenye dalili zenyewe. Chakula na maji makali kurudi mdomoni kuliwasumbua asilimia 13 ya watu wa vidonge, na asilimia 2 tu ya waliopasuliwa. Upande wa pili, chakula kukwama kulikuwa asilimia 5 kwa vidonge na 11 kwa upasuaji, na kutoa upepo kwa chini asilimia 40 na 57.

Namba hizo zina maana kubwa. Kidonge hupunguza ukali wa asidi lakini hakifungi mlango. Kama shida yako ni moto, kidonge kinaweza kukutosha maisha yako yote. Kama shida yako ni kucheua, unalala umekaa, unaamka usiku umepaliwa, mto umelowa, basi kidonge hakiwezi kuzuia kile kinachopanda, na hapo upasuaji una hoja nzito. Mama alikuwa wa kundi hili. Alilala kwenye kiti miezi minne.

Nasikia omeprazoli ikitumiwa muda mrefu inaua figo na kuoza mifupa.

Hofu hii naisikia kila wiki, na watu wanaacha dawa ghafla kwa ajili yake. Utafiti mkubwa kuliko yote ya aina hii ulitoka mwaka 2019: watu 17,598 waligawanywa, wengine wakapewa pantoprazoli, dawa ya ukoo huo huo, wengine kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa miaka mitatu. Kilichoongezeka ni maambukizi ya tumbo ya kuharisha, asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Figo, mifupa, nimonia, hakuna kilichopishana kwa kiasi cha kuaminika. Nisingeshauri mtu apasuliwe kwa sababu tu ya kuogopa kidonge.

Na kabla hujasema kidonge hakifanyi kazi, angalia unavyokinywa. Kinatakiwa kinywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wengi wanakinywa usiku wakishakula ugali na samaki, wakati wa kulala, kisha wanalalamika.

Ni nani atakayefurahi miaka kumi baadaye?

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Katika yote niliyoyaona na kuyasoma, matokeo ya miaka kumi huanza kuamuliwa kabla mgonjwa hajalala kwenye meza ya upasuaji. Huamuliwa na vipimo.

Marekani, katika hospitali za wanajeshi wastaafu, walichukuliwa watu 366 waliokuwa wanasema kiungulia chao hakisikii dawa. Walipewa omeprazoli mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, wakisisitiziwa wainywe kabla ya kula. Watu 42 walipata nafuu kwa hilo tu. Wengine wakapimwa kila kitu, na watu 99 wakakutwa na kiungulia ambacho hakitokani na asidi kabisa. Umio wao una hisia kali, na mkunjo usingewasaidia chochote. Wengine walikuwa na magonjwa mengine ya umio. Waliothibitika kweli na kuingia kwenye utafiti walikuwa 78. Kati ya hao, upasuaji ulifaulu kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja, ilhali dawa zilizoongezwa nguvu zilifaulu kwa asilimia 28 tu. Utafiti ule ulitoka mwaka 2019 na ninaurudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu ya safari ya kutoka 366 hadi 78. Wangepasuliwa wote, fikiria malalamiko ambayo yangefuata.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, hakikisha umefanyiwa endoskopia. Uliza kuhusu kipimo cha kupima asidi kwenye umio kwa saa 24 au zaidi, hasa kama kamera haikuona michubuko. Uliza pia kuhusu manometria, kipimo cha nguvu za misuli ya umio. Kuna ugonjwa unaoitwa akalasia ambao mlango wa umio hukataa kufunguka, na dalili zake hufanana na kiungulia. Mtu wa akalasia akifungwa mkunjo, umemfungia chakula nje. Picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe nayo husaidia kuona ngiri na mwendo wa chakula.

Dalili njema kwamba upasuaji utakufaa ni hii: ulipokunywa dawa vizuri, ulipata nafuu, hata kama si kamili. Watu hudhani ni kinyume chake.

Nitakula nini? Nitarudi kula kama zamani?

Wiki mbili za mwanzo ni vya majimaji: uji mwepesi, supu iliyochujwa, mtindi. Umio umevimba na mkunjo ni mpya, kwa hiyo karibu kila mtu husikia chakula kinasita kifuani. Baada ya hapo ni vyakula laini hadi wiki ya sita hivi. Bokoboko lilimfaa mama kuliko chochote, akaniambia hajui kwa nini watu wa hospitali hawalitaji. Ndizi zilizopondwa, wali ulioiva sana, samaki asiye na miiba, mbaazi za nazi zilizolainika, vyote vilipita. Vilivyokwama ni chapati, mkate mkavu, mshikaki, na pweza. Pweza alimrudisha hospitali usiku, kosa langu mimi niliyedhani mwezi mmoja unatosha.

Tafuna sana, kula kidogo kidogo, kaa wima. Soda na vinywaji vya gesi achana navyo miezi ya mwanzo. Kwa walio wengi kukwama huku hupungua kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu. Kukiendelea kupita hapo, au kukirudi baada ya miaka, rudi kwa daktari. Mara nyingine hutanuliwa kwa mpira maalumu kupitia mdomoni, bila kupasua tena.

Ni kweli sitaweza kupiga mbweu wala kutapika?

Mbweu zitakuwa ngumu, na kwa wengine hazitoki kabisa, hasa mwaka wa kwanza. Hewa uliyomeza lazima itoke mahali, nayo hutoka chini. Inaaibisha, na wanawake wengi hawaulizi mapema, kisha wanajifungia ndani wakidhani wana ugonjwa mwingine. Kula polepole, usinywe kwa mrija, usitafune ubani na jojo kutwa nzima. Kutapika nako huwa kugumu. Kwa sababu hiyo, wiki za mwanzo kichefuchefu kisiachwe. Omba dawa ya kukizuia, maana kusukuma kwa nguvu kunaweza kuharibu nyuzi.

Ngiri inaweza kurudi?

Inaweza. Kama ngiri yako ilikuwa kubwa, sehemu kubwa ya tumbo imo kifuani, ujue kwamba tafiti zilizowapiga picha wagonjwa baada ya miaka mitano zilikuta imerudi kwa kiasi fulani kwa zaidi ya nusu yao, hata pale kiwambo kilipowekewa kiraka. Jambo la kutia moyo ni kwamba wengi wa hao walikuwa bado wanajisikia vizuri kuliko kabla ya upasuaji, na waliohitaji kupasuliwa tena walikuwa wachache. Picha na maisha ya mtu havisemi jambo moja.

Wiki nne hadi sita za mwanzo usinyanyue mizigo. Kwa karani hilo ni rahisi. Kwa kijana anayebeba magunia sokoni, anayevuta jarife Pangani au anayekata mkonge, ni njaa nyumbani. Mipango ya fedha za miezi hiyo ifanyike kabla ya upasuaji, na familia ielezwe, kwa sababu nimemwona mtu akirudi kazini wiki ya pili kwa kulazimika.

Upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza na matokeo yake ni hafifu zaidi. Nafasi yako bora ni ile ya kwanza.

Mkunjo wa kuzunguka mzima au wa nusu, upi bora?

Mwulize daktari wako ameuzoea upi. Wa mzima ni wa Nissen, unazunguka umio wote. Wa Toupet, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1963, unazunguka takriban robo tatu kwa nyuma. Ule wa robo tatu huleta kukwama na gesi pungufu miezi ya mwanzo. Kwa miaka mingi tofauti inapungua sana.

Kuna njia nyingine, hata bila kutobolewa tumbo?

Zipo. Moja hufanya mkunjo kwa kifaa kinachoingia mdomoni. Inafaa kwa mwenye ngiri ndogo au asiyekuwa nayo, na katika kundi lililofuatiliwa miaka mitano, karibu theluthi moja walikuwa wamerudi kwenye vidonge vya kila siku. Nyingine ni pete ya vishanga vya sumaku, LINX, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Hiyo huwekwa kwa matundu madogo kuzunguka umio. Baada ya miaka mitano asilimia 85 ya waliofuatiliwa walikuwa hawatumii dawa, na uwezo wa kupiga mbweu hubaki. Lakini ukiwa na sumaku mwilini, kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku kubwa, kina masharti, na lazima kadi ya kifaa utembee nayo. Kuna pia Stretta, ya kuunguza msuli kidogo kwa mawimbi ya joto. Tafiti zake zinapingana, nami siwezi kumshauri mtu auze shamba kwa ajili yake.

Mimi ni mnene. Itanifaa?

Mafuta ya tumbo husukuma asidi juu na huuchosha mkunjo. Kwa mwenye unene mkubwa sana, madaktari wengi hupendekeza upasuaji wa kupunguza uzito unaochepusha chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo, ambao hutibu vyote viwili. Ule wa kukata tumbo liwe jembamba kama mrija unaweza kuzidisha kiungulia, kwa hiyo kama una tatizo la asidi, useme kabla hujakubali. Kupunguza uzito hata kwa kilo chache kunasaidia, ukiwa na upasuaji au bila.

Nitajikinga na saratani?

Usipasuliwe kwa sababu hiyo. Asidi ya miaka mingi inaweza kubadilisha ngozi ya ndani ya umio, hali inayoitwa umio wa Barrett, na kwa wachache ikaishia saratani. Aliyekutwa nayo anaendelea kupimwa kwa kamera hata baada ya upasuaji, kwani haijathibitika kwamba upasuaji unakinga kuliko dawa.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna la ziada. Ukanda wetu una saratani nyingi ya umio ya aina nyingine, isiyotokana na asidi. Tumbaku na pombe zimo katika visababishi vyake, na vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, vinashukiwa sana. Tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeviweka kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Chai ya tangawizi iache ipoe kidogo. Na chakula kikianza kukwama, kwanza kigumu kisha hata uji, uzito ukashuka, ukatapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, usiniulize mimi wala duka la dawa kuhusu kiungulia. Endoskopia, haraka.

Ramadhani nifanyeje?

Ambaye hajapasuliwa: kidonge kinywewe muda kabla ya mlo, basi panga na daktari kama ni kabla ya kula daku, au ufuturu kwanza kwa tende na maji, unywe dawa, kisha ule chakula baada ya swala ya Magharibi. Daku liwe jepesi, na ukirudi kulala lala ubavu wa kushoto, kichwa cha kitanda kikiwa kimeinuliwa. Aliyepasuliwa chini ya miezi mitatu asijilazimishe. Mwili wake unahitaji milo midogo mingi, na futari kubwa baada ya kutwa bila chakula ni kinyume chake. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku zake akipona.

Nianzie wapi, na nijiandae vipi?

Anzia hospitali yako, upate rufaa. Wengi wetu huanzia Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, na safari ikiendelea, pale Segera njia inagawanyika: kushoto Muhimbili ya Dar es Salaam, kulia KCMC ya Moshi. Mwenye bima apate kibali cha maandishi kabla ya kusafiri, na aulize kama kinajumuisha vipimo, nusu kaputi, vifaa na siku za kulazwa. Asiye na bima aombe hesabu yote kwa pamoja, maana upasuaji ni sehemu moja tu ya gharama. Mgonjwa asipande basi la Tanga siku anayoruhusiwa. Tafuteni ndugu wa kumhifadhi siku kadhaa karibu na hospitali.

Daktari bingwa mwulize kwa heshima: "Upasuaji wa aina hii umefanya mara ngapi?" Matatizo huwa mengi zaidi katika operesheni kama 20 za mwanzo za kila daktari, ndivyo tafiti zilivyoonyesha, na mwanzo huo hufaa ufanyike chini ya mzoefu. Daktari mwema hachukii swali hilo. Katika rejista ile ya Sweden, asilimia 4.1 walipata matatizo ndani ya siku 30, kama maambukizi, kutoka damu au umio kutoboka. Vifo ni vya nadra sana.

Mama yako yukoje sasa?

Miaka sita ya kwanza hakugusa kidonge. Alilala kitandani, usingizi mzito, jambo ambalo baba alikuwa amekwisha kulisahau. Mwaka wa saba moto ukarudi kidogo kidogo. Nilitaka kumpa omeprazoli siku hiyo hiyo, akakataa, akaniambia safari hii apimwe kwanza. Kamera ikaonyesha mkunjo upo, umelegea kidogo, na ngiri ndogo imeanza juu yake. Daktari hakuona haja ya kupasua tena. Anakunywa kidonge nusu saa kabla ya chakula cha jioni, siku zinazohitaji, pengine mara tatu kwa wiki. Kucheua usiku hakujarudi.

Nilimuuliza kama angekubali tena, akijua anayoyajua leo hii. Akasema angekubali, ila angetaka ile miaka sita ya vidonda vya tumbo arudishiwe. Machungwa ya Muheza anakula mchana, moja. Kitanda chake bado kina matofali mawili upande wa kichwani.